Kutazama, Kuuliza au Kutaka Shauri? Kitenzi Kilichomponza Newman katika The Rambler (1859)

Ikisiri

Makala hii inahakiki insha aliyoichapisha John Henry Newman mwezi Julai 1859 kuhusu nafasi ya waamini walei katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, insha iliyosababisha ashitakiwe Roma. Inadaiwa humu kwamba sehemu kubwa ya ugomvi kati ya mwandishi na wenye mamlaka ilisimama juu ya maneno machache ya Kiingereza, na kwamba kuyafasiri kwa Kiswahili kunafichua kile ambacho Kiingereza kilikifunika. Katika neno moja Kiswahili kinamnyang'anya Newman ngao yake. Katika mengine mawili kinamtetea kuliko lugha aliyozaliwa nayo.

1.0 Jarida lisilo na mlezi

The Rambler lilianzishwa mwaka 1848 na John Moore Capes, mlei aliyeuacha Uanglikana na kuingia Kanisa Katoliki. Halikuwa gazeti la jimbo wala la shirika la kitawa. Liliandikwa na walei waliosoma kwa ajili ya walei waliosoma, na katika mikono ya Richard Simpson na Sir John Acton lilizoea kuingia bila kubisha hodi katika mambo ambayo maaskofu waliyahesabu kuwa ya ndani ya nyumba yao: historia ya Kanisa, shule, na wakati mwingine taalimungu yenyewe. Ikumbukwe kwamba maaskofu hao nao walikuwa wageni madarakani. Uaskofu wa Kikatoliki wenye majimbo yake ulirejeshwa Uingereza mwaka 1850 tu, baada ya takribani karne tatu za kukosekana. Mamlaka changa haipendi kusahihishwa hadharani, na hadharani ndipo jarida linapoishi.

Mwanzoni mwa mwaka 1859 jarida hilo lilichapa makala yaliyokwenda kinyume na msimamo wa maaskofu kuhusu tume ya kifalme ya kuchunguza shule. Maaskofu wakataka mhariri aondoke. Newman, padri wa Oratorio ya Birmingham aliyekuwa ametoka kuongoza Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Dublin, alikubali uhariri kwa shingo upande ili jarida linusurike na wakubwa watulie. Alitoa matoleo mawili tu, la Mei na la Julai. Katika lile la Mei alinyenyekea mbele ya maaskofu kuhusu suala la shule, kisha akaongeza sentensi ambayo yeye aliiona ya kawaida. Alisema kwamba bila shaka maaskofu wangependa kuyajua maoni ya walei katika jambo la kiutendaji kama hilo, kwa kuwa hata katika kuandaa tangazo la fundisho la imani waamini huulizwa. Mfano wake ulikuwa wa juzijuzi. Mwezi Februari 1849 Papa Pius IX aliwaandikia maaskofu wa dunia akitaka kufahamu ibada ya mapadri na waamini wao kwa Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na fundisho lenyewe likatangazwa tarehe 8 Desemba 1854.

Neno "huulizwa" katika aya iliyotangulia ni la makala hii. Newman aliandika consult, na hapo ndipo moto ulipowaka. Dkt. John Gillow, mwalimu wa taalimungu katika chuo cha Ushaw, alilalamika kwamba kitenzi hicho kinalifanya Kanisa lenye kufundisha litegemee hukumu ya Kanisa lenye kufundishwa. Askofu Ullathorne wa Birmingham alimtembelea Newman mwezi huohuo wa Mei na kumshauri aache uhariri baada ya toleo la Julai. Kwa mujibu wa kumbukumbu aliyoiandika Newman mwenyewe, askofu aliuliza walei ni nani hasa, naye akajibiwa kwamba Kanisa lingeonekana kichekesho bila wao. Jibu hilo hunukuliwa mara nyingi kuliko insha iliyolifuata, jambo la kusikitisha kidogo, kwani lile ni mzaha na hii ni hoja.

Insha ilitoka Julai. Askofu Brown wa Newport akaipeleka Roma, kwenye idara ya Propaganda. Newman alijitolea kueleza chochote kilichohitaji maelezo. Roma ikaandaa orodha ya vifungu vilivyotiliwa shaka na kumkabidhi Kardinali Wiseman, lakini orodha hiyo haikumfikia aliyeandikiwa. Newman alidhani shauri limekwisha, nayo Roma ilidhani amekataa kujibu. Ukweli ulijulikana mwaka 1867, padri mwenzake Ambrose St John alipokwenda Roma na kuonyeshwa kilichokuwa kimeandikwa.

2.0 Kitenzi chenye milango miwili

Utetezi wa Newman unaanza na semantiki. Katika Kiingereza cha watu wa kawaida, anasema, consult hubeba maana ya kutaka kujua jambo lilivyo, na si ile ya kuomba uamuzi pekee. Mtu hu-consult baromita kuhusu hali ya hewa, na daktari hu-consult mapigo ya moyo ya mgonjwa. Baromita haitoi maoni wala mapigo ya moyo hayapigi kura, lakini vyote viwili hushuhudia kilichopo. Vivyo hivyo waamini: imani yao ni ushahidi wa kile ambacho Kanisa limekipokea tangu Mitume, na kuitazama imani hiyo si kuomba ruhusa yao.

Gillow hakuwa mjinga. Alifikiri kwa Kilatini hata alipoandika Kiingereza, na katika Kilatini kitenzi consulere chenye yambwa ya mtu humaanisha kumwendea mtu huyo kwa ajili ya ushauri wake. Kikitumiwa na uhusika wa kutendewa humaanisha kumtunza mtu na kuangalia maslahi yake. Katika maana zote mbili upande wa pili ni mtu. Hapo baromita haina pa kuingilia.

Mfasiri wa Kiswahili atakayeikabili insha hii atagundua mapema kwamba hawezi kukaa katikati ya Newman na Gillow. Saa hutazamwa. Kamusi hufunguliwa au hurejelewa. Mapigo ya moyo hupimwa. Mganga huendewa, wakili huonwa, mzee hutakwa shauri. Kiingereza kinaweza kuvikusanya vyote hivyo chini ya kitenzi kimoja. Kiswahili kinavigawa, na mpaka wa mgawanyo ni uhai wa kinachoendewa: visivyo na uhai hupewa vitenzi vya kuona na kupima, na watu hupewa vitenzi vya kunena na kuomba. Hakuna Mswahili anayeitaka saa shauri. Kwa hiyo mfasiri akiandika kwamba maaskofu "hupima" imani ya waamini, amempa Newman ushindi kabla ya kesi kusikilizwa. Akiandika kwamba maaskofu "hutaka shauri" kwa waamini, amempa Gillow ushindi huohuo. Na akikimbilia "hushauriana na waamini", ametoa kauli ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeitoa, kwa sababu kiambishi -an- cha utendano huziweka pande zote mbili kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akitoa na kupokea.

Neno shauri lenyewe lina ukoo mpana unaostahili kutazamwa kwa makini. Ni nasaha, ni jambo linalojadiliwa, na ni kesi iliyo mbele ya hakimu. "Shauri yako" ni kauli ya kunawa mikono. Katika parokia za Tanzania vyombo vya uwakilishi wa walei huitwa halmashauri, na mwamini anayechaguliwa kuingia humo huyasikia mashauri ndani ya jina la kikao chake. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 536, zinalipa baraza la kichungaji la parokia kura ya ushauri tu. Jina linaahidi shauri, kanuni inaongeza "tu", na manung'uniko mengi ya vikao vya parokia hukaa katika nafasi iliyopo kati ya maneno hayo mawili. Si manung'uniko ya Waafrika pekee. Hati ya mwisho ya Sinodi iliyohitimishwa Oktoba 2024, katika aya ya 92, inataka kauli hiyo ya "ushauri tu" iangaliwe upya ili kuondoa utata wake. Miaka 165 baada ya Gillow kulalamika, Kanisa zima limekiri kwamba neno lina shida.

3.0 Baromita na watu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba Kiswahili kimemshinda Newman kwa bahati ya msamiati. Sivyo. Kiswahili kinakataa kuweka baromita na mwamini chini ya kitenzi kimoja kwa sababu ni vitu viwili tofauti, na uthibitisho wa tofauti hiyo umo katika insha yenyewe.

Sehemu ya pili ya insha ni historia ya karne ya nne. Mtaguso wa Nisea (325) ulikiri kwamba Mwana ni wa umungu mmoja na Baba. Katika miongo iliyofuata, maaskofu wengi waliyumba mbele ya shinikizo la watawala wenye kuupendelea Uario. Mitaguso ya Rimini na Seleukia ya mwaka 359 iliishia katika kauli zisizo wazi. Newman anakusanya ushahidi wa mababa wa Kanisa, mji baada ya mji, kuonyesha kwamba imani ya Nisea haikulindwa kwanza na vikao vya maaskofu, bali na waamini waliobatizwa. Anawaita Basili na wengine watoe ushahidi juu ya watu waliokataa kuingia katika makanisa yaliyoshikwa na Waario, wakasali nje, penye jua na baridi, huku wakijua gharama yake.

Hapo tashbihi inamvunjikia mkononi. Baromita haikatai kuingia mahali, haisimami nje kwenye baridi, wala haiteswi. Waamini wa Aleksandria na Antiokia walijua walichokikiri, wakapambanua kati ya neno sahihi na neno lenye hila, kisha wakachagua. Huo ni uamuzi, na ni uamuzi wa kiakili. Newman alipowalinganisha walei na chombo cha kupimia hewa ili Gillow atulie, alimkubalia Gillow kile ambacho kurasa zinazofuata zinakikanusha, yaani kwamba walei hushuhudia bila kuhukumu. Nusu ya kwanza ya insha ni ya mwanadiplomasia, na nusu ya pili ni ya mwanahistoria. Mwanahistoria ndiye mwenye kweli.

Kuna upungufu mwingine unaogusa jarida moja kwa moja. Baromita haisemi neno mpaka itazamwe. Walei wa The Rambler walisema bila kutazamwa. Hakuna askofu aliyewauliza kuhusu tume ya shule, na hicho ndicho kilichoudhi. Newman aliandika nadharia ya walei wanaoulizwa ndani ya jarida la walei wasiongoja kuulizwa, na hakuna mahali katika insha anapolitetea jarida kwa kile lilichokuwa. Utetezi huo ulikuja katika sheria, zaidi ya karne moja baadaye. Kanuni ya 212, katika kifungu chake cha tatu, inatamka kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kuhusu mema ya Kanisa na kuwajulisha waamini wengine maoni hayo, kwa kuzingatia elimu yao, heshima kwa wachungaji na usalama wa imani. Sehemu ya "waamini wengine" ndiyo yenye uzito hapa. Barua kwa askofu ingetosha kama haki ingekuwa ya kumweleza mchungaji peke yake. Kwa kuongeza wasikilizaji wa pili, kanuni inaruhusu kitu kinachofanana na jarida.

Basi mfasiri achague nini? Makala hii inapendekeza kuuliza, na haipendekezi kwa sababu kitenzi hicho ni cha kati na kati. Kuuliza hakumpi anayeulizwa cheo cha mshauri, hivyo hofu ya Gillow inapata nafasi yake. Lakini huulizwa mwenye kujua. Jiwe haliulizwi, wala baromita. Anayeuliza anakiri kwamba mwenzake analo jambo ambalo yeye bado hajalipata, na jibu linaweza kuja tofauti na alivyolitarajia. Wahenga waliposema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walimweka muulizaji upande wa mwanafunzi, na hapo Gillow angeweza kurudi na lalamiko jipya: Kanisa lenye kufundisha linajifunza kwa nani? Lalamiko hilo ni la haki. Hata hivyo ndilo swali ambalo karne ya nne inaliuliza, na tafsiri inayolizima haijaitendea insha haki.

4.0 Maaskofu "walishindwa" au urika "ulishindwa"?

Mashitaka ya Roma hayakuhusu kitenzi hicho pekee. Yaliyochoma zaidi yalikuwa maneno mawili katika sehemu ya historia: pale Newman aliposema kwamba jumla ya maaskofu ilishindwa katika kuikiri imani, na pale aliposema kwamba kazi ya Kanisa lenye kufundisha ilipatwa na suspense kwa muda. Padri Franzelin, mwanataalimungu maarufu wa Roma, aliyapinga maneno hayo katika mihadhara yake, naye aliyapinga jinsi yalivyosikika kwa Kilatini.

Newman alijibu mwaka 1871, alipoirudisha sehemu ya historia kama kiambatisho cha toleo la tatu la kitabu chake juu ya Waario wa karne ya nne. Jibu lake ni la kiisimu. Neno body, anasema, limesomwa kama corpus ya vitabu vya taalimungu, yaani maaskofu wakiwa chombo kimoja chenye ahadi ya Kristo. Kwa maana hiyo sentensi yake ingenuka uzushi. Yeye alikusudia wingi wa maaskofu waliokuwepo wakati ule, watu wa damu na nyama, wengi wao waoga.

Hapa Kiswahili hakimhitaji mwandishi ajieleze miaka 12 baadaye. Katika Kiswahili cha Kikatoliki maaskofu wakiwa chombo kimoja pamoja na Papa huitwa urika wa maaskofu. Anayetaka kusema kama Franzelin alivyomsikia Newman angelazimika kuandika "urika wa maaskofu ulishindwa". Anayetaka kusema alichokikusudia Newman angeandika "maaskofu wengi walishindwa". Upatanisho wa kisarufi unabeba tofauti yote. Kiambishi u- kinakishitaki chombo, na wa- kinawashitaki watu. Msomaji wa Kiswahili anaisikia tofauti hiyo katika silabi ya kwanza ya kitenzi, kabla hajafika kwenye mzizi wake. Ni nadra kuona ngeli za nomino zikiamua kesi ya uzushi, lakini katika sentensi hii zingeiamua.

Neno la pili lina hali ileile. Suspense ya Newman, ikisikika kama kitendo cha mamlaka, ni kusimamishwa: kuna aliyesimamisha, kama mtumishi anavyosimamishwa kazi, na hakuna wa kuisimamisha mamlaka fundishi ya Kanisa. Newman alikusudia kwamba uwezo wa kufundisha ulikuwepo bila kutumika. Kiswahili kina kitenzi kwa ajili hiyo. Mamlaka fundishi "ilisita". Kusita hakuna mtenda wa nje, hakuondoi uwezo, na ndani yake mna mwisho, kwa kuwa aliyesita huendelea baadaye. Mfasiri atakayeandika "ilisimamishwa kwa muda" ataizaa upya kesi ya mwaka 1859 bila kujua. Atakayeandika "ilisita" ataifunga.

Inafaa kusema wazi kwamba lugha haikuwa chanzo pekee cha ugomvi. Kama Newman angeyaandika hayohayo kwa Kilatini, katika kitabu kinene cha kusomwa na wanataalimungu 50, huenda Askofu Brown asingejali. Kosa lake kubwa machoni pa wenye mamlaka lilikuwa kuyaandika kwa lugha ambayo mfanyabiashara na mwalimu wa shule wangeisoma, ndani ya jarida la kununuliwa kwa fedha, bila mlezi. Mamlaka iliyozoea kujadili mambo yake kwa Kilatini ilikutana na lugha ya nyumbani na kuidhania uasi. Acton aliliendesha jarida mpaka 1862, akalibadilisha kuwa The Home and Foreign Review, kisha mwaka 1864 akalifunga mwenyewe, baada ya barua ya Papa kwa Askofu Mkuu wa Munich kuwabana wasomi wa Kikatoliki. Hakutaka kulikana Kanisa wala kuandika asichokiamini. Newman alifanywa kardinali mwaka 1879, akatangazwa mtakatifu mwaka 2019 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 2025. Insha iliyosababisha aitiliwe shaka hunukuliwa leo katika taalimungu ya hisia ya imani ya waamini kana kwamba haijawahi kumponza mtu.

Lakini insha inayonukuliwa si lazima iwe ile ya 1859. Katika kiambatisho cha 1871 Newman aliibakiza historia, akayafafanua maneno yaliyopingwa na kuongeza ushahidi. Mjadala wa kitenzi consult haumo. Huenda ni kwa sababu kitabu kilihusu Waario na si msamiati. Vyovyote iwavyo, waamini wa Aleksandria na Antiokia wamo wote katika kurasa zile, na baromita haimo.